"Ikan Bakar" na Vitenzi Vyetu vya Moto

Ofisi yetu huletewa maombi ya istilahi za sheria, za udongo, za mitambo na za dawa. Ya jikoni hutujia kwa nadra. Kwa hiyo tulipoletewa kijitabu cha kurasa chache, kilichotayarishwa kwa ajili ya maofisa wa uvuvi waliokuwa wakienda kujifunza Jakarta, Makassar na Kuala Lumpur, tulidhani kazi ingemalizika kwa siku moja. Kijitabu kilikuwa na sura moja juu ya vyakula, na mfasiri wake, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa amekwama katika maneno mawili tu: "ikan bakar". Hayo ni maneno ambayo msafiri huyakuta katika mabango ya mikahawa mingi ya miji hiyo, na wageni wale walikuwa na hakika ya kukutana nayo takriban kila siku. Mfasiri alikuwa ameandika "samaki aliyeungua".

Tulicheka, kisha tukakosea sisi wenyewe. Jibu letu la kwanza lilisema "samaki wa kuoka", na lilikuwa limekwisha kupigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi wakati mmoja wetu, mzaliwa wa pwani, alipouliza huyo samaki ameokwa katika tanuri gani. Hakuna aliyeweza kumjibu. Makala haya yanaeleza tulivyorudi nyuma na kuanza upya.

"Ikan" ni samaki. Hapo hapana tatizo. "Bakar" ni kutia motoni, na neno hili lina mapana yake katika Kiindonesia na Kimalei. Kuni huitwa "kayu bakar". Mafuta ya gari na kila kitu kinachowashwa kwa ajili ya nishati huitwa "bahan bakar". Mkate uliobabuliwa ni "roti bakar". Na shina hilohilo likivikwa viambishi na kuwa "kebakaran" ndio moto unaoteketeza nyumba. Mfasiri aliyekuta maana hizi zote katika kamusi alichagua ile ya maafa. Lakini wenye lugha wana maneno mengine kabisa kwa chakula kilichoharibiwa na moto: "hangus" na "gosong". Mpishi wa "ikan bakar" akiambiwa kwamba samaki wake ni "gosong" hana budi kuleta mwingine.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kitenzi chetu "choma" kina mapana karibu yaleyale. Twachoma mahindi, twachoma matofali, twachoma majani shambani, twachoma makaa yenyewe msituni. Hakuna Mswahili anayesikia "mahindi ya kuchoma" akafikiri kwamba kuna ajali iliyotokea. Kwa upande huu "choma" na "bakar" ni maneno yanayolingana kuliko kawaida ya maneno ya lugha mbili zilizotengwa na bahari.

Kosa letu la "oka" lilikuwa na chanzo chake. Kamusi za zamani huruhusu kitenzi hicho kwa kila upishi wa moto mkavu usio na maji wala mafuta, na wako wasemaji mpaka leo wanaokitumia kwa nyama iliyo juu ya moto. Lakini katika matumizi ya shule na ya viwanda vya mikate, "oka" limekwisha kujifunga na tanuri: joto linalozunguka chakula pande zote ndani ya chumba kilichofungwa. Samaki wa "ikan bakar" hapikwi hivyo. Yuko wazi juu ya makaa, mpishi anapepea kwa upepeo, mafuta yanadondoka na kuinua moshi, na moshi huo unamrudia samaki. Mteja analipia harufu hiyo. Kumwambia "samaki wa kuoka" ni kumwondolea nusu ya chakula chake kabla hajakiona.

Sasa tufike kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, limesahauliwa bila sababu. Pwani husema "kubanika". Zamani mvuvi alipasua ufito, akamweka samaki katikati ya mpasuko, akaufunga ncha, akausimika kando ya moto. Samaki alibanwa, na ndiyo maana tunakihusisha kitenzi hicho na "bana". Katika vibanda vya Jakarta na Makassar samaki hutiwa kati ya nyavu mbili za waya zenye mpini, nyavu zikafungwa, akageuzwa pamoja nazo ili nyama isivunjike wala ngozi isishike chuma. Kifaa hicho hutajwa kwa shina "jepit", na "jepit" maana yake ni kubana. Katika baadhi ya mapishi ya huko hutumika ufito wa mwanzi uliopasuliwa, kama ule wa mvuvi wetu. Watu wa pande mbili za bahari wamelitazama tendo moja na kuliita kwa wazo moja, nasi tulikuwa karibu kuandika "oka".

Jambo la pili ambalo "choma" peke yake hailisemi ni kupaka. "Ikan bakar" haendi motoni mkavu. Kwanza huchanjwa ubavuni, au hupasuliwa na kufunguliwa kama ng'onda. Hutiwa ndimu na chumvi kuondoa shombo. Kisha hupakwa viungo vilivyopondwa, aghalabu vitunguu, kitunguu saumu, manjano, pilipili na ukwaju. Akiwa juu ya makaa hupakwa tena na tena. Indonesia, hasa Java, wanapenda kumpaka "kecap manis", yaani mchuzi wa soya uliopikwa kwa sukari ya mnasaba wa mitende hata ukawa mzito na mweusi. Sukari hiyo ndiyo inayompa samaki rangi ya hudhurungi iliyokoza. Malaysia hupendelea kumpaka pilipili iliyosagwa, na mara nyingi humlaza juu ya jani la mgomba ili asikauke. Ghuba ya Jimbaran, kisiwani Bali, wapishi huchochea moto kwa makumbi ya nazi. (Tunaandika "makumbi" kwa makusudi. Mfasiri aliandika "maganda ya nje ya nazi", maneno matano mahali pa moja, na vifuu angeviitaje?)

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja amekwisha kutambua jambo. Sisi tunaye samaki wa kupaka: huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na viungo, akarudishwa motoni tui likamshika. Tulishawishika sana kuandika "samaki wa kupaka" na kufunga faili. Tuliacha kwa sababu moja. Jina hilo kwetu limekwisha kuahidi nazi. Mtu atakayeagiza samaki wa kupaka Jakarta akaletewa samaki mweusi kwa soya na sukari atadhani ameletewa sahani ya jirani. Jina la chakula ni ahadi, na ahadi hiyo tumekwisha kuitoa kwa chakula kingine.

Palikuwa na wenzetu waliotaka tukope. Hoja yao haikuwa dhaifu: tumekopa chapati, pilau, sambusa na mishkaki, na hakuna aliyedhurika. Lakini neno la mkopo likiingia katika Kiswahili hulazimika kufuata silabi zetu, na "bakar" likipewa irabu ya mwisho huwa "bakari". Hebu msomaji atamke "samaki wa bakari" mbele ya wanafunzi wa darasa la sita. Swali la kwanza litakuwa Bakari huyo anakaa wapi. Hoja ya mkopo ilifia hapo, kwa kicheko, ingawa ilistahili kufa kwa sababu iliyo bora zaidi: hakopi mtu mwenye kitu ndani.

Uamuzi wetu basi ni huu. Jina la jumla liwe "samaki wa kuchoma kwa makaa". Pale inapohitajika kueleza namna ya upishi, mathalani katika vitabu vya upishi na vya mafunzo ya hoteli, kitenzi kiwe "banika" kwa samaki anayebanwa katika wavu au ufito, na "paka" kwa hatua ya viungo. Jina la asili liachwe katika maandishi yake pale msafiri anapopaswa kulitambua kwenye bango, kwa kuwa bango halitafasiriwa kwa ajili yake. Vitenzi jirani havikutusumbua: "goreng" ni kukaanga, "rebus" ni kuchemsha, "kukus" ni kupika kwa mvuke, "asap" ni moshi. "Panggang" huingiliana na "bakar" hata kwa wenyewe, nasi tunaliacha liwe kuchoma au kuoka kulingana na chombo kinachotumika.

Umbo "wa kuchoma" lina utata mdogo ambao walimu watauona. "Samaki wa kuchoma" ni aliyekwisha kuchomwa, au ni yule anayefaa kuchomwa? Mkahawani utata huo haudhuru. Lakini huko Muara Angke, bandari ya wavuvi kaskazini mwa Jakarta, mteja hununua samaki mbichi sokoni kisha akawapeleka vibanda vya jirani wachomewe. Hapo maana zote mbili zinasimama, moja baada ya nyingine, kwa umbali wa hatua chache. Tumeliacha umbo lilivyo.

Juu ya mahali penyewe pa kumpata samaki huyu, kijitabu kiliandika "restoranti" kila mahali. Hiyo ni kuwafungia wasafiri nje ya milango mingi. Indonesia huandika "rumah makan", yaani nyumba ya kula, ambayo ndiyo hoteli kwa maana inayotumiwa na watu wetu wa kawaida: mahali pa kula, si pa kulala. "Warung" ni kibanda au duka dogo, na lile la chakula linafanana sana na genge la mama lishe. Malaysia husema "kedai" na "gerai". Neno "medan" lilimtatiza mfasiri kwa sababu ni jina la mji mkubwa wa Sumatra. Lakini "medan ikan bakar", kama ule wa Umbai huko Melaka, ni uwanja wenye vibanda vingi vya samaki pamoja, wala hauhusiani na mji huo. Katika Kuala Lumpur, mtaa wa Jalan Bellamy, nyuma ya kasri la zamani la mfalme, umepata sifa kwa vibanda vya aina hii.

Majina ya samaki tuliyashughulikia kwa wepesi tusioutarajia, kwani bahari ni moja. "Kembung" ni vibua, "tenggiri" ni nguru, "kerapu" ni chewa, "cumi" ni ngisi (Malaysia humwita "sotong"), na "baronang", anayependwa sana Makassar, ni tasi au tafi. "Siakap" wa Malaysia, ambaye Indonesia humwita "kakap putih", hana jina kwetu kwa sababu hayuko katika maji yetu. Lakini ni wa jenasi moja na sangara wa Ziwa Viktoria. Tumekataa kumwita sangara moja kwa moja. Aitwe "siakapu", na maelezo yaongeze kwamba ni jamaa wa sangara.

Samaki mmoja alitupa furaha ya pekee. Katika orodha mlikuwa na "mujair bakar" na "nila bakar", na mfasiri aliyaacha majina hayo akidhani ni samaki wa Java. Ukweli ni kwamba wote wawili ni perege, na wote ni wageni huko. Mujair asili yake ni mito ya kusini-mashariki mwa Afrika, ukiwamo Zambezi. Jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka Msumbiji. Katika miaka ya 1930 mwanakijiji mmoja wa Blitar, Java Mashariki, aliyeitwa Moedjair, alimkuta samaki huyu katika mlango wa mto upande wa pwani ya kusini, akamfuga katika maji baridi, na nchi ikampa samaki jina la mfugaji wake. "Nila" naye aliingizwa Indonesia mwaka 1969 kutoka Taiwan, na jina lake linatokana na mto Nile. Huyo ni sato. Maofisa wa uvuvi waliotoka Mwanza wangekwenda mpaka Jakarta, wakaagiza kwa hamu samaki wa kigeni asiyefasiriwa, wakaletewa sato.

Na sasa taa. "Ikan pari bakar", aliyepakwa pilipili juu ya jani la mgomba, ni fahari ya vibanda vya Malaysia. Pari ni taa. Kijitabu kiliandika "taa ya kuchoma", na msomaji wa kwanza aliyekipitia aliuliza kama ni kifaa cha umeme. Kosa si la neno bali la upatanisho. Taa wa baharini ni kiumbe mwenye uhai, naye huchukua upatanisho wa viumbe: taa huyu, taa mkubwa, taa wa kuchoma. Taa ya kuangazia ni taa hii. Herufi moja ndiyo inayomtenganisha samaki na kandili. Tunawaomba walimu waupokee mfano huu, kwani wanafunzi huuliza mara nyingi upatanisho una faida gani.

Tumechelewa kufika kwenye makosa mawili mazito zaidi, ambayo hayakuonekana mwanzoni kwa sababu hayakuwa katika majina ya vyakula.

La kwanza ni la bei. Samaki wa makaa katika miji hii huuzwa mara nyingi kwa uzito: mteja humchagua, hupimwa, kisha huchomwa. Orodha za Indonesia huandika bei "per ons". Mfasiri aliandika "kwa aunsi". Aunsi ya Kiingereza ni gramu 28 na kitu. "Ons" ya Indonesia, iliyorithiwa kutoka kwa Waholanzi, ni gramu 100 kamili. Chewa wa ons 8 ni gramu 800, chakula cha watu wawili au watatu. Chewa wa aunsi 8 angekuwa kama gramu 227, kipande cha mtu mmoja. Mtu anayesafiri kwa posho ya serikali, akiwa na kijitabu chetu mkononi, angeagiza samaki mmoja mmoja kwa kila mwenzake na kulipa zaidi ya mara tatu ya alichokusudia. Iandikwe "kwa kila gramu 100", basi.

Pamoja na hilo kuna "ekor". Kamusi itasema kwamba ni mkia, na kweli ni mkia. Lakini pia ni neno la kuhesabia wanyama, ndege na samaki. "Dua ekor" ni samaki wawili wazima. Kijitabu kiliahidi "bei ya mkia", na bila shaka yuko ambaye angesema ataridhika na mkia kama bei ni nafuu.

La pili ni la afya. Katika pilipili ya kusaga inayoitwa "sambal" aghalabu hutiwa "terasi", ambayo Malaysia huiita "belacan" (herufi c husomwa ch katika maandishi ya nchi zote mbili, tangu zilipopatanisha tahajia zao mwaka 1972). Mfasiri aliandika "sosi ya pilipili", akapita. Terasi ni uduvi waliotiwa chumvi, wakavundikwa, wakapondwa na kukaushwa. Haionekani kwa macho ndani ya sambal. Mmoja wa maofisa waliokuwa wakisafiri ana mzio wa kamba na jamii yake. Akila huvimba koo. Yeye angeepuka kamba katika orodha nzima kwa uangalifu, kisha angejipakia sosi ya pilipili juu ya wali. Tumependekeza "sambali yenye uduvi wa kuvundika", na tumetaka maneno "yenye uduvi" yasiachwe hata nafasi ikiwa finyu. "Air asam" ya Malaysia, maji ya ukwaju yenye vitunguu na pilipili, nayo mara nyingi hutiwa belacan. Iandikwe vivyo hivyo. "Dabu-dabu" ya Manado ni jambo jepesi: ni kachumbari ya pilipili, nyanya, vitunguu na ndimu.

Wafasiri wajihadhari pia na maneno yanayofanana na yetu. Mengine ni ndugu kweli, kwani Waarabu na Wareno walipita pwani zote mbili: meza huko ni "meja", habari ni "kabar". Mengine yanadanganya. "Nasi" ni wali, "bara" ni kaa la moto, na "kuku" ni ukucha.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza, na tunaomba msaada. Ule wavu wa waya wenye mikono miwili, wa kumbania samaki, tumeupendekezea jina "kibaniko", lakini wauzaji wawili wa vyombo tuliowauliza waliuita "wavu" tu, na fundi aliyekuwa akiutengeneza kwa vyuma chakavu aliuita "kibanio", jina ambalo akina mama wanalo tayari kwa nywele. Wasomaji wa Tanga, Pemba, Kilwa na Mombasa, ambako kifaa hiki kinatumika, watuandikie jina linalosemwa na wapishi wenyewe, pamoja na jina la mahali walipolisikia. Tutalichapa katika toleo lijalo kabla ya kulipeleka kwenye kamati ya usanifishaji.